Siku Tanuri Lilipozimwa

Miaka ya tisini tuliishi Makadara, upande ambao upepo ulituletea moshi wa kiwanda alichofanyia kazi baba. Mama akianika shuka nyeupe, alizianua zimejaa masizi. Yeye na majirani wakaenda kulalamika kwa baraza la jiji, na mkaguzi akaahidi kuja.

Siku aliyokuja, bomba la kiwanda halikutoa moshi wowote.

“Mama, hewa yenu ni safi,” mkaguzi akasema.

“Njoo siku ambayo hujawaambia wenye kiwanda,” mama akamjibu.

Hakurudi tena. Jioni hiyo moshi ulitanda kama kawaida, na mama akamuuliza baba ni nani aliyezima tanuri la kiwanda.

“Ni mimi. Bosi aliniagiza,” baba akasema. “Ningekataa, mngekula nini?”

Mama alimpakulia chakula, akatoka nje kufua shuka upya.