Kidole Kwenye Uzi

Mama mkubwa alivuta fimbo kwa nguvu. Ndoano iliruka kutoka majini ikiwa tupu, ikapita karibu na sikio langu na kunasa kwenye nyasi nyuma yetu.

"Samaki alikuwepo," alisema.

Hakuwepo. Nilikuwa nimeutazama uzi muda wote na haukuwa umesogea hata kidogo. Lakini mimi si mtu wa kubishana, hasa na mtu aliyeniogesha nikiwa mchanga, kwa hiyo nilikwenda kuinasua ndoano. Nilipogeuka alikuwa tayari amebeba mkoba wake wa chambo na anaelekea upande mwingine wa bwawa.

"Hapa pamekufa. Twende kule kwenye kisiki."

Kwenye kisiki tulikuwa tumeshapita. Na kwenye ukuta wa zege, na kwenye magugu.

Mtu asiyemjua angesema hiyo ndiyo tabia yake. Nyumbani yeye ni kiguu na njia. Chai huinywa amesimama, sahani huiosha kabla hujameza tonge la mwisho, na mumewe, ambaye ni seremala, husema kiti alichomtengenezea walipooana bado ni kipya kwa sababu hakijawahi kukaliwa na mwenyewe. Lakini kuna mahali pawili ambapo mama mkubwa hutulia kama maji mtungini. Pa kwanza ni hapa, mbele ya bwawa. Pa pili ni mbele ya mkono wa mgonjwa.

Anafanya kazi katika maabara ya zahanati. Amekuwa akichukua damu za watu tangu kabla sijazaliwa, na kule wanamwita Mara Moja, kwa kuwa hachomi mara mbili. Watoto wachanga wenye mikono minene, ambao mishipa yao huwezi kuiona hata ukiwasha taa zote, huletwa kwake kutoka vyumba vingine. Hufumba macho, hupitisha kidole cha shahada juu ya ngozi polepole, kisha husema, "Huyu hapa," kama aliyekutana na jamaa yake sokoni. Mtoto hulia baadaye, sindano ikiwa imeshatoka.

Kidole hichohicho ndicho anachovulia.

Samaki anayemfuata ni besi, yule wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na mdomo mpana unaoweza kumeza ngumi. Kwake yeye, mtu anayemvua besi kwa kutupa ndoano na kusinzia hajui anachokifanya. "Besi ni mwizi wa kona," alinifundisha nilipoanza kumfuata, likizo yangu ya kwanza ya chuo. "Hakai katikati ya bwawa akiota jua. Yuko ubavuni mwa kisiki, au ukingoni mwa magugu, anangoja mjinga apite. Kazi yako ni kumpelekea huyo mjinga."

Mjinga ni mnyoo wa mpira, mrefu kama kalamu. Maji yakiwa na tope hutumia mweusi, maana samaki huuona kama kivuli. Yakiwa safi hutumia wenye rangi ya majani. Ncha ya ndoano huificha ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase kwenye magugu. Huutupa kupita kisiki, kamwe si juu yake. "Wewe ukiangushiwa kitu kichwani ukiwa umelala, utakila au utakimbia?" Asubuhi na mapema, au siku ya mawingu, huvua karibu na ukingo; jua likipanda, humfuata samaki kivulini na kwenye kina. Upepo ukivuma, huenda upande unakosukumia maji, ingawa huko ndiko uzi unakosumbua, kwa sababu visamaki vidogo husukumwa huko na mwizi huvifuata. Na hasimami jua likiwa mgongoni mwake, kivuli chake kisije kikafika kabla ya chambo.

"Halafu uache uzame," husema. "Watu wengi huanza kukunja uzi mnyoo ukigusa tu maji. Wana haraka ya kwenda wapi? Acha uzame mpaka chini. Vuta kidogo, acha. Vuta kidogo, acha. Kule kuacha ndiko kunakovua, mwanangu, si kule kuvuta."

Na kidole kikae kwenye uzi, mbele ya rili, ile roda ya kukunjia. Besi akichukua mnyoo utahisi *tk*, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Usivute bado. Shusha ncha ya fimbo, kunja uzi uliolegea, usikilizie uzito. Ukiupata uzito, hapo vuta kama umemkuta mtu na kuku wako mkononi. Akiruka juu ya maji, inamisha fimbo chini asije akautema mnyoo hewani, na wala usiuache uzi ulegee hadi umfikishe mguuni pako.

Ndiyo maana asubuhi ile sikumwelewa. Mtu aliyenifundisha yote hayo alikuwa anavuta uzi mtupu.

Tulipofika kwenye kisiki tulimkuta mvuvi mwingine, fundi bomba mstaafu tunayemwita Kofia, kwa kuwa huvaa moja na kubeba nyingine mkobani endapo upepo utaichukua ya kwanza.

"Shemeji," Kofia alisema, "nimekuwa nikikuangalia tokea ng'ambo. Unavua au unafukuza nzi?"

"Nakufundisha wewe jinsi ya kukosa, maana hata kukosa hujui."

"Mimi nimepata wawili."

"Wawili wa nini? Wale uliowapata wanatafutwa na mama yao."

Kofia alicheka hadi akakohoa. Mama mkubwa hakucheka. Alitupa mnyoo nyuma ya kisiki, akaacha uzame, na safari hii niliona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema: hakuwa akitazama mbali kama kawaida yake, macho yamelegea, mwili mzima umehamia kwenye kidole. Alikuwa ameukazia uzi macho, pale unapoingia majini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Uzi ulisogea pembeni. Alishusha fimbo, akakunja, akavuta. Samaki aliruka, mdomo wazi, akitikisa kichwa, na Kofia akapiga yowe. Mama mkubwa alimleta hadi ukingoni, akalowesha mkono kwanza ili asimchubue utando, akamshika kwa kumwingiza kidole gumba mdomoni na kuibana taya ya chini. Besi akishikwa hivyo hutulia. Meno yake ni madogo na mengi, kama msasa. Hayaumi sana, ila hukwaruza.

Alimtoa ndoano, akamwegemeza tumbo kwa mkono wa pili, akamrudisha majini. Kisha akanyoosha mkono kuchukua mnyoo mwingine, na nikaona damu inashuka kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono, inadondokea kwenye kiatu.

"Mama mkubwa, unavuja damu."

"Wapi?"

Alikitazama kidole chake kama kitu alichookota njiani. Ngozi ilikuwa imechunika, na kulikuwa na jeraha ambalo mtu yeyote angeguta kwalo. Kofia alikuwa amerudi kwenye fimbo zake. Mama mkubwa alikifunga kwa leso, akaanza kutembea, nami nikamfuata, mpaka tukafika mahali ambapo Kofia asingesikia.

"Vidole vimekufa ganzi," alisema bila kugeuka. "Hiki, na hiki, na cha shahada. Tangu mvua za mwanzo."

"Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

"Na kazini?"

Aliokota jiwe, akalitupa, akaokota jingine. "Watu wazima mishipa yao naiona kwa macho. Hao hawanisumbui. Watoto ndio..." Hakumaliza. "Wiki iliyopita nilimchoma mtoto mmoja mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ikatoka. Mama yake alinishukuru, wewe! Akasema, 'Kama wewe umehangaika, basi mtoto wangu ana mishipa migumu.' Nikanyamaza kimya, kama vile ni kosa la mtoto."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya watoto katika zahanati yao. Nyumbani kwao, kila mtu akiugua na kujifanya mzima, yeye ndiye wa kwanza kumwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani nimkumbushe, nikashindwa. Nilimuuliza tu kama ni vidole vya mkono mmoja.

"Wa kulia. Pengine ni baridi ya asubuhi. Pengine mimi ndiye nimejijaza woga na kidole kinahisi vizuri tu." Alisimama ghafla. "Chukua huu uzi."

"Wa nini?"

"Kata mnyoo utoe. Shika mwisho wa uzi, nenda nyuma ya kile kichaka. Mimi nitafumba macho. Uvute kidogo, kama besi anavyogonga. Usiniambie lini. Mimi nitasema."

Nilifanya alivyosema. Nyuma ya kichaka nyasi zilikuwa bado na umande, na magoti yangu yalilowa. Uzi ulikuwa umekaza kati yetu, na kupitia matawi niliweza kumwona: miguu imeachana, macho amefumba, kidole cha shahada kwenye uzi. Alikuwa ametulia. Sijui kwa nini kutulia kule ndiko kuliniogopesha zaidi.

Nilivuta kidogo. Kimya.

Nilivuta tena, kwa nguvu kidogo. Kimya.

"Sasa!" alisema, nikiwa sijavuta.

Nilivuta mara nyingine, naye akanyamaza, nikaacha, naye akasema, "Sasa." Kisha, "Sasa, huyo." Sauti yake ilikuwa inapanda. Nilifikiria jinsi ilivyo rahisi kungoja aseme ndipo nivute. Hakuna ambaye angejua. Ningetoka kichakani nikamwambia amepatia karibu zote, naye angerudi nyumbani akanywa chai amesimama, na kesho yake mtoto wa mtu angeshikwa mkono.

"Haya, niambie," aliniita. "Nimepatia ngapi?"

Nilitoka nikiukunja uzi mkononi. "Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama Mkubwa."

Alifumbua macho. Nilidhani atakasirika. Aliuhamishia uzi mkono wa kushoto. "Tena," alisema. Nilirudi kichakani, nikavuta kwa wepesi kabisa, na papo hapo akasema, "Sasa." Alipatia zote. Nilitoka nikiwa nimefurahi kama mjinga, nikamwambia basi ahamie kushoto.

"Fimbo nitaihamishia kushoto," alijibu. "Mkono mmoja ukitafuta mshipa, wa pili unashika sindano. Sasa niambie wewe msomi, sindano nimpe nani?"

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu, akihamisha mkoba kutoka bega hadi bega.

Siku iliyofuata aliniomba nimsindikize, kitu ambacho hajawahi kuniomba. Tulifika zahanati benchi la korido likiwa limeshajaa akina mama na watoto wao. Aliwasalimia wote akipita, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya msimamizi, akafunga mlango. Nilikuwa na kitabu mkononi, nilisoma mstari mmoja tena na tena. Mlango ulifunguka kabla sijaelewa mstari ule.

"Nimemwambia," alisema. "Kasema nikapimwe mishipa ya fahamu. Mpaka hapo sishiki sindano." Akanipita kuelekea maabara, nami nikasimama mlangoni.

Msaidizi wake, binti aliyetoka chuo juzijuzi, alikuwa amevaa glavu na uso umemkauka. Mama wa kwanza aliingia na mtoto mnene, mwenye pingili za nyama mkononi, akampita yule binti kama anayepita kiti, akamwendea mama mkubwa.

"Leo ni huyu atakayemchukua," mama mkubwa alisema. "Mkalishe hapa."

Binti alifunga mpira kwenye mkono wa mtoto, akapapasa, akachoma. Haikutoka kitu. Mtoto aliachia kilio kilichosikika hadi nje.

"Mama, si uchukue wewe!" mwenye mtoto alisema. "Mbona unaangalia tu? Leo umeringa?"

Niliona mikono ya mama mkubwa inainuka. Iliinuka yenyewe, kama inavyoinuka kila siku, ikafika usawa wa kifua, na hapo akaikamata na kuibana kwapani, yote miwili.

"Toa," alimwambia binti. "Bonyeza pamba. Fungua mpira, mwache mtoto apumue, na wewe pumua. Sasa tafuta upande wa ndani. Usitafute kwa macho. Usiniangalie mimi, sina ninachokijua kwenye huo mkono. Ukigonga kitu laini kinachorudi juu, tulia nacho kwanza."

Binti alipapasa kwa muda mrefu. Mwenye mtoto alisonya. Mama mkubwa alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, jasho likimtoka juu ya mdomo, na mimi pale mlangoni nilikuwa nimebana kitabu mpaka jalada likapinda.

"Nadhani..." binti alisema.

"Usidhani. Ngoja."

"Huyu hapa."

Damu iliingia kwenye kichupa, nyeusi na ya polepole. Mwenye mtoto alimfunga mwanawe mgongoni, akatoka bila kuaga mtu. Binti aliketi chini. Mama mkubwa alikwenda mlangoni, akanisogeza kwa bega, akatazama korido. Akina mama wote waliinua nyuso kwa pamoja, na wale wa mbele walianza kusimama kumfuata.

Alifungua mlango hadi ukagusa ukuta. "Anayefuata," alisema, akasogea kando ili binti aonekane.