Kengele Ililia Sijamaliza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia hapa Sumbawanga, mjuaji kupindukia.

Nilikuwa nafundisha vimeng'enya viitwavyo rikombinesi, vile vinavyokata nyuzi za DNA na kuziunga upya kwa mpangilio mwingine. Nilileta kamba mbili za katani, nikazikata kwa mkasi mbele ya darasa. Nikasema, "Hata ndani ya seli zenu za kinga DNA hukatwa hivi. Ikiungwa vibaya, inaweza kuleta saratani ya damu." Kengele ikalia. Nikaziacha kamba mezani, nikaenda zangu kunywa chai.

Sikujua kwamba baba yake Skola, binti wa dawati la mbele, alikufa kwa ugonjwa huo huo.

Kesho yake Skola hakuonekana. Siku ya tatu wenzake wakaniambia aliondoka akilia, akisema naye atakufa tu. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nikapanda basi kwenda kwao Mwazye, na kila tulipopita watu wamekusanyika nilidhani ni msiba wake.

Nilimkuta hai, amejifunika gubigubi. Mama yake alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe mwalimu? Mtoto hali, halali, anasema damu yake inakatika. Umemkata mwanangu, ukamwacha hivyo hivyo?"

Niliketi kitandani nikamalizia somo: kwamba vimeng'enya vile vikishakata huzishikilia ncha mpaka ziungwe, kwamba makosa ni nadra na mengi mwili huyarekebisha wenyewe, na kwamba kufa kwa baba hakumaanishi naye atakufa hivyo. Skola akafunua uso.

"Mbona hukusema haya juzi, mwalimu?"

"Kengele ililia," nikamjibu, na aibu ikanishika.

Jioni alikunywa uji wa ulezi. Shuleni alirudi, lakini kila kipindi changu alitoka nje, hadi akamaliza shule.

Wewe Jumatatu unaanza uuguzi. Utawaambia watu mambo ya kutisha, tena ya kweli. Usimpe mtu nusu ya habari kisha ukainuka. Kama huna muda wa kumaliza, usianze. Ukianza, kaa naye mpaka aishiwe maswali, hata wakikuita wapi. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe subira niliyoikosa mimi, na asikusimamishe kamwe mbele ya mama kama yule.