Jeki Fupi na Kijiti cha Muhogo

Nilikwenda kununua jeki nikiwa na kijiti cha muhogo mkononi, mchana kweupe, Nachingwea mjini, na wanaume waliokuwa dukani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wacha wacheke. Leo wakiniona napita na pikapu wananipungia mkono.

Pikapu yenyewe ni ya mume wangu. Aliiendesha miaka mingi akibeba ufuta na mbaazi za watu, Kiegei hadi Ruangwa, mpaka macho yakaanza kuingia ukungu. Akanifundisha mwenyewe, nikapata leseni. Lakini ufunguo ulibaki kwake, kwenye msumari juu ya kitanda, na kila safari nilikuwa nauomba kama mtoto anayeomba hela ya daftari.

Aliyekuwa anamjaza maneno ni mdogo wake, shemeji yangu. "Kaka, siku tairi likipasuka porini na mzigo juu, mwanamke atafanya nini? Atalia?" Basi mume wangu akaniambia bila kuzunguka: pancha ya kwanza nitakayoshindwa kubadilisha mwenyewe, gari linakwenda kwa mdogo wake. Iliniuma, sifichi.

Jeki ya zamani ilikuwa inavuja oili, haifai tena. Shemeji akawahi na ushauri: ninunue kubwa kuliko zote. "Nguvu, shemeji, nguvu!" Yeye alikuwa na yake ya hivyo, ndefu, nyekundu, anaionyesha kila mgeni.

Sasa mimi sinunui chungu bila kukigonga. Nikapakia magunia kwenye pikapu pale pale uani, nikawapandisha wajukuu juu yake, kisha nikachuchumaa nikatoa upepo wote kwenye tairi la nyuma. Mama mkwe akapiga kelele kwa Kimwera, akiita majirani waje waone mke wa mwanawe karukwa na akili. Nilichotaka ni kuona gari likilala na mzigo wake, ile ekseli, chuma cha kati ya matairi ya nyuma, inabaki juu ya ardhi kiasi gani, maana jeki inaingia hapo. Nikachomeka kijiti cha muhogo, nikakikata kwa kisu kilipogusa chuma. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Kulijaza lile tairi tena kwa pampu ya baiskeli, jamani, mabega yaliwaka moto.

"Mama, umekuja kupanda muhogo hapa?" muuzaji akanitania.

"Nimekuja kutafuta jeki isiyozidi hiki."

Akatoa ndefu. "Hii inanyanyua lori, mama."

Nikasimamisha kijiti kando yake, hakikuifikia hata mabega. "Itanyanyua kweli. Lakini itaingilia wapi?"

Akairudisha mahali pake. Tukapekua rafu mpaka ya chini kabisa, tukaipata moja imejikunyata, ina kitako kipana, na kichwa chake ukikizungusha kinatoka juu na kurefuka. Ilikuwa fupi kuliko kijiti kwa upana wa kidole. Nikaichukua. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Haikupita muda, tukawa tunatoka Nandagala na magunia ya mbaazi, shemeji kakaa pembeni yangu. Alisema anakuja kunisaidia. Nilijua anakuja kunichungulia. Nyuma tairi likapasuka, paa! Gari likayumba, nikalishika, nikalisimamisha pembeni.

Shemeji alikuwa ameshashuka, na ile jeki yake nyekundu mkononi. Kumbe aliibeba! Akalala chini, akaisukuma huku, akaisukuma kule, haikuingia. Akasimama na mchanga shavuni, akasema tushushe magunia yote.

"Hashushi mtu gunia," nikasema. "Shika mkoba wangu."

Akaushika, atafanyaje? Nikazuia matairi ya mbele kwa mawe, nikalegeza nati kwanza kabla ya kunyanyua, nikatandika kipande cha ubao kwenye mchanga, nikaisukuma jeki yangu. Ikapita chini ya ekseli. Nilipoanza kupampu na gari likaanza kuinuka na magunia yake yote, nilijisikia mkubwa, nisikudanganye. Bodaboda mmoja alisimama akauliza kama tunahitaji msaada, nikamwambia aende salama.

Tulipofika nyumbani mume wangu alitoka, akaomba spana. Akapapasa mpaka akalipata tairi la spea nililolifunga, akajaribu nati moja moja. Hakuna iliyosogea.

"Nani kakaza hizi?"

"Shemeji," mdogo wake akajibu kwa sauti ya chini.

"Na jeki?"

"Yake."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikamsaidia kujibu: "Alikuwa ameshika mkoba wangu."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea gari. Alipotulia nikamnyooshea ufunguo kama kawaida, nikaugusisha kiganjani mwake. Akanikunja vidole juu yake, akaurudisha kifuani kwangu.

"Utaniletea wa nini, mama watoto?" akasema, mdogo wake akisikia. "Mimi hata huo msumari siuoni tena."

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba macho yamefika hapo. Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yangu, nikamshika mkono tukaingia ndani.