Sweta la Baba Yake na Blanketi la Bibi

Lori la pamba lilipinduka kwenye daraja dogo karibu na kwetu Ushirombo nilipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi, Uhuru ukiwa bado mpya. Dereva alitoka mzima. Alikaa kwenye jiwe akajaribu kuwasha sigara, kiberiti kinazimika, anawasha tena. Magunia yalikuwa yamepasuka na kichaka chote kimekuwa cheupe, ungedhani kuku wa nchi nzima wamenyonyolewa pale. Sijui kwa nini namkumbuka sana yule dereva, wala sikuongea naye. Labda kwa sababu sisi sote tulikuwa tunaokota pamba na hakuna aliyemwuliza kama ameumia.

Mama yangu alijaza kapu moja, alitaka kushindilia godoro. Baba aliporudi jioni akaliona. Baba alikuwa mtu wa kuogopa serikali kuliko simba. Akasema hiyo ni pamba ya ushirika, hailaliwi. Asubuhi akanitwisha kapu, tukaenda darajani, lori limeshavutwa, hakuna wa kumrudishia. Kurudi nalo nyumbani hawezi, kulitupa hawezi. Basi tukaenda nalo misheni.

Kulikuwa na sista mmoja mzungu, mzee tayari, mwenye miguu iliyovimba. Alitazama lile kapu la pamba yenye mbegu na majani, akamsikiliza baba anavyojieleza, akacheka mpaka akavua miwani. Baba aliona aibu. Ili safari isiwe ya bure akanisukuma mbele na kusema, huyu naye mfundishe kazi yoyote. Akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye sindano, kwa njia ya pamba ambayo haikuwa yetu. Shuleni niliishia darasa la pili, kusoma nasoma kwa kuburuta, lakini kufuma naweza hata nikiwa nimefumba macho.

Yule sista hakuwa mpole. Ukikosea hakusemi, anachukua kazi yako, anaivuta uzi mbele ya wenzako mpaka inaisha, anakurudishia donge. Ndiyo maana hata leo sikosei sana. Alitufundisha sweta, soksi, na mwisho kabisa yale mashali ya matundu ya kwao. Unazungusha uzi kwenye sindano mara moja bila kufuma, halafu vitanzi viwili vinavyofuata unavifuma pamoja, panabaki tundu. Ukiyapanga vizuri matundu yanatoka kama jani. Tulimwuliza, sista, nguo ya baridi yenye matundu inafaa nini? Akasema joto hukaa mle kwenye matundu. Sisi tulimwona anatudanganya. Baadaye nilikuja kuona ni kweli, sufu nene inashika joto hata ikiwa na mwanya.

Niliolewa na mlinzi wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Tazama pamba inavyonifuata. Kazini walimpa sweta la sufu, la kijani kibichi, uzi wake mnene kama kamba ya kufungia ndama. Alilivaa masika na kiangazi, lilinuka tumbaku na moshi wa kuni. Kifua ndicho kilichomuua. Siku ya kumzika ndugu zake walitaka azikwe nalo. Mimi nikakataa, nikasema chini huko hakuna upepo. Walinitazama vibaya, na mpaka leo wapo wanaonitazama hivyo. Lakini nilikuwa na watoto na baridi ilikuwa yetu sisi, si yake. Nikalitundika kwenye msumari.

Katika watoto wanne alibaki mmoja, wa kiume. Alipopata nguvu akaenda Geita kwenye dhahabu. Wenyewe shimo wanaliita duara, hata kama halina umbo lolote. Alikaa huko misimu kadhaa. Mara ya mwisho aliporudi sikio moja lilikuwa halisikii tena, na hakuleta kitu isipokuwa koti la mwenzake. Nilimwuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Yuko kule kule." Ukuta wa duara ulianguka yeye akiwa ameshapandishwa na kamba, mwenzake akiwa bado. Walichimba, wakachoka, wakahamia shimo jingine.

Nilimwambia asirudi tena. Akasema mtu asiye na mji wake atakaa wapi. Lakini nikipata mke, mama, sirudi shimoni, nitalima pamba kama watu. Alilisema hilo taratibu, nami nililishika kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima. Kuanzia hapo nilichotaka duniani ni kitu kimoja tu, huyu mtoto aoe.

Mwanangu alimwona msichana sokoni Nyasubi, pale Kahama, anauza karanga na shangazi yake. Kwao ni upande wa Mhunze, mbali, nchi ya upepo na miti ya miiba. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikwenda kusema maneno, na ng'ombe wakapelekwa. Wengine walikonda njiani hata tukaona haya, lakini walipokelewa. Kikabaki kitu kimoja, blanketi la bibi. Kwao binti hatoki nyumbani mpaka bibi yake mzaa baba amefunikwa blanketi mabegani, mbele ya watu, na mwanamke wa upande wa mwanamume. Kitu kidogo ukisikia hivi.

Lakini blanketi lilikuwa wapi? Ilikuwa ile miaka ya katikati ya themanini ambayo duka la ushirika lilikuwa na mipini ya majembe na muuzaji anayesinzia. Sabuni ya kugawiwa, chumvi ya kugawiwa. Mwenye blanketi alilificha uvunguni, maana walanguzi walikuwa wanakamatwa na kila mtu alimshuku mwenzake. Tuliuliza Kahama, tuliuliza mpaka Shinyanga. Na kule Mhunze baba mkubwa wa binti alishatuma neno kuwa wapo wengine wanaobisha hodi.

Siku moja nimeketi nachambua mchicha, mwanangu akatoka ndani na lile sweta. Akaliweka mapajani kwangu.

"Mama, fumua hili umfumie bibi."

Nikamwambia hilo ni la baba yako. Akanijibu, "Baba hasikii baridi," na hapo nikajua maneno yangu ya msibani yalikuwa yamefika masikioni mwake, akiwa mtoto vile.

Nilikata mshono wa begani nikaanza kuvuta. Uzi wa sweta kuukuu hutoka umejikunja kama nywele. Mwanangu alininyooshea mikono yake miwili nikauzungushia humo, ile mikono yenye makovu ya mawe, akakaa kama mtu aliyefungwa pingu. Nikaufua, nikauning'iniza na jiwe chini ili unyooke. Sindano zangu za chuma zilikuwa nyembamba kwa uzi ule, kwa hiyo nikachonga nyingine mbili za mti wa mkole, nikazisugua kwa kipande cha chupa na kuzipaka samli ziteleze. Wiki nzima nyumba ilinuka samli na tumbaku, kama vile marehemu amerudi na anakaangiwa kitu.

Kisha nikaona uzi hautoshi. Viwiko vilikuwa vimeoza, kiuno kimeliwa na panya. Nikifuma kwa kujaza, ningepata cha kumfunika mtoto mchanga. Bibi wa watu anahitaji kufunikwa mpaka magotini. Njia ilikuwa ni moja, ile ya sista. Tundu halili uzi. Nikafuma la matundu.

Wifi yangu alipopita akalishika. "Wifi, hili ni shali au chekeche la unga?" Nikamwambia alete unga tujaribu. Akacheka, lakini akamgeukia mwanangu akamwambia, "Baba, watu wa Mhunze wana macho." Jioni ile mwanangu alilichukua akalinyanyua dhidi ya mwanga, akachungulia. Nikadhani atalalamika. Akasema ukiwa chini kabisa kwenye duara ukitazama juu, mdomo wa shimo unauona hivi, mdogo, mweupe, na ndipo panapotoka hewa. Ni mara pekee aliyonieleza habari za kule bila kuulizwa. Nikaendelea kufuma.

Lilipokwisha lilikuwa zuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa waliokuwepo wengi wamekufa. Majani yalipangana kutoka ukingo hadi ukingo, na ukijitupia mabegani lilikuwa zito, joto linapanda mpaka masikioni.

Tulisafiri mimi, mwanangu na shemeji, juu ya magunia kwenye lori mpaka Kahama, tukalala, tukapata jingine mpaka Shinyanga, na Mhunze tukafika tumejaa vumbi. Ilikuwa Juni, upepo ule wa asubuhi unakata. Nilipiga magoti nikasalimu, shikamoo, marahaba, habari za huko, za ng'ombe, za mvua. Binti nilimwona mlangoni, akajificha. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kwenye jua, mdogo kama kifaranga, na kanga mbili zilizochakaa. Anatetemeka. Wenye mablanketi yao ndani hawakumpa hata moja, wanamngojea wa kuoa amletee.

Nikalifungua nikamtupia mabegani kama nilivyoagizwa. Lilimfunika mpaka magotini. Akalivuta, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa upande wa pili, akacheka. Akasema kwa Kisukuma kuwa lina moto. "Mayu," akaniambia, yaani mama, mtu mzima vile kuniita mimi mama.

Baba mkubwa wa binti akasogea. Alikuwa mtu mrefu, msafi, si mkali. Akashika pindo akauliza tumelinunua wapi. Shemeji yangu akafungua mdomo, na najua alitaka kusema duka la Shinyanga. Lakini mwanangu alimtangulia, na upande wa sikio zima alikuwa amemwelekezea yule mzee.

"Hatukununua. Ni sweta la baba yangu. Nyumbani kwetu hatuna kitu kizuri kuliko hicho."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Alifariki."

Hakuna aliyepiga kelele. Yule mzee alirudisha mkono wake akaufuta kwenye kaptula. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mtu hufunikwa blanketi la bibi ili aishi. "Ninyi mmemfunika mama yangu nguo ya marehemu. Tena imetobolewa matundu, kama sanda iliyokaa ardhini."

Akalishika kwa ncha za vidole viwili akalivuta. Bibi akashikilia pembe. Alikuwa hasikii vizuri mambo yanayosemwa, alijua tu kwamba joto linaondoka. "Niachieni," alisema, "nasikia baridi." Alivuta, naye mwanawe akavuta, taratibu, kwa heshima, mpaka vidole vya bibi vikaachia kimoja kimoja. Akalitundika nje kwenye miiba ya boma la ng'ombe.

Shemeji alianza kuomba. Tutatafuta jingine, la dukani, tupeni muda kidogo. Nao wakasema watafikiri, na kwa Msukuma anayesema atafikiri mbele ya mgeni, umeshajibiwa. Hata hivyo chakula kilikuwa jikoni na mgeni haondoki na njaa, kwa hiyo tukakaa.

Mwanangu aliinuka. Alikwenda kwenye boma akalinasua shali kwenye miiba bila kukata uzi hata mmoja, akalikunja mara nne kama ninavyokunja mimi, akaja akaliweka mapajani kwangu.

"Nakuja, mama," akasema.

Tukadhani anakwenda haja. Alipita katikati ya shamba la pamba iliyokwisha kuvunwa, hakukimbia, hakugeuka, na kofia yake ikawa inaonekana juu ya mabua, kisha haikuonekana. Upande ule ndiko inakopita njia ya magharibi, ya kwenda Geita. Ugali ulipoletwa niliomba sehemu yake ifunikwe kwa sahani, na mama wa binti akaifunika. Hakurudi kuila, siku ile wala siku nyingine.