Gego la Mama Mageni

Mgeni rasmi, akiwa juu ya jukwaa kwenye uwanja wa shule siku ya maadhimisho ya afya ya kinywa, aliutangazia umma kwamba hali ya vinywa katika kata yetu ni shwari: kwa mwaka mzima zahanati haikupokea mgonjwa hata mmoja wa meno. Makofi yakapigwa. Miswaki ikagawiwa, ikaishia safu ya mbele walipokaa viongozi.

Melania hakuwepo. Alikuwa amelazwa Mwanza wiki ya nne, dripu mkononi, kwa sababu ya jino.

Mzaliwa huyu wa Samuye, mama wa Mageni na wengine watatu, aliponda mawe ya dhahabu kwa miaka kumi na moja kwenye machimbo yaliyo jirani na Kahama. Alikuwa akiketi chini na nyundo, ukimsalimia anaitikia bila kuinua kichwa. Gego lake la chini lilianza kuoza mwaka juzi, akaamua kuling'oa. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, Mwita, akamwekea ngumu.

Maana duara lilikuwa linatema. Shimo likishaanza kutoa mawe yenye dhahabu, masharti hukazwa: hakuna sabuni, hakuna mluzi, na mwanamke anayetoka damu hasogelei mawe kwa siku saba. Wanawake walishayazoea masharti hayo kila mwezi. Safari hii damu ya jino nayo ikaingizwa humo humo.

"Ng'oa ukitaka, Mama Mageni," alisema Mwita. "Lakini siku saba nafasi yako anakaa mwingine. Na akikaa, amekaa."

"Kwa hiyo dhahabu inaogopa jino langu?"

"Sijui inaogopa nini. Najua inakimbia."

Melania akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea kuponda. Duara likatema miezi mitano.

Kisha homa. Zahanati wakasema malaria. Ikarudi, wakasema taifodi. Ikarudi, wakasema UTI. Mara ya nne wakarudi kwenye malaria, nadhani kwa sababu orodha ilikuwa imeisha. Alikonda, akawa anahema kwa kutoka tu mlangoni hadi jikoni. Katika safari zote nne mdomo wake ulifunguliwa kumeza vidonge, basi.

Suzana, mdogo wake, ndiye aliyempakia kwenye basi la Mwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Noela, akiweka kipimo kifuani. Alisikiliza muda mrefu. "Ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

"Marahaba. Nilivimba masika yote."

"Fungua mdomo."

Ugonjwa ule wa utotoni, akaeleza, uliacha kovu kwenye valvu ya moyo. Bakteria wa jino bovu hupenya kwenye fizi na kuingia katika damu, hata mtu anapotafuna ugali tu. Moyo mzima kwa kawaida huwashinda. Wa Melania ulikuwa na kovu la kujishikiza; wakaota hapo kama koga, wakaanza kuitafuna valvu.

Melania hakulia. Alipiga kitanda ngumi hadi dripu ikachomoka.

"Mara nne! Mara nne nimekaa mbele yao na ugonjwa uko hapa, unanuka! Kwetu hata mbuzi hanunuliwi mpaka aangaliwe meno. Mimi sifiki mbuzi?"

"Dada, taratibu, moyo," alisema Suzana.

"Wauambie wao huo moyo taratibu!"

Alidungwa dawa wiki sita, jino likang'olewa. Valvu inavuja, anasubiri upasuaji, na kuponda mawe kumekwisha. Siku aliyorudi na kusimuliwa hotuba ile, alikwenda zahanati kabla hata ya kufika kwake, akaweka barua ya hospitali mbele ya tabibu, kijana aitwaye Fredy.

"Niandike kitabuni. Mgonjwa wa jino."

Fredy alipitisha kidole juu ya ukurasa, taratibu, toka kushoto hadi kulia.

"Mama, safu ya meno hakuna."

"Andika moyo, basi."

"Wa moyo huwa tunawaweka kwenye presha. Wewe presha yako nzuri."

"Siondoki."

Akamwandika kwenye Mengineyo, chini ya mtu aliyeumwa na nge.