Mwendokasi wa Ng'ombe wa Wizi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Tarime nilikuwa na fimbo mbili na kamba moja. Kamba ilikuwa ya mita kumi, nimeipiga fundo kila mita, na kwa kamba hiyo nilijiona nimewaletea watu elimu. Nilitoka Morogoro. Kuhusu ng'ombe sikujua lolote zaidi ya kumla.

Somo lilikuwa umbali, muda na mwendokasi, darasa la saba. Watoto walinyoosha kamba mara kumi kando ya uwanja, tukachora mistari miwili kwa majivu, kisha tukamswaga ng'ombe wa mwalimu mkuu kutoka mstari hadi mstari huku nikisoma saa ya simu. Sekunde tisini. Tuligawanya ubaoni, ikaja kilomita nne kwa saa. Nikawaambia waandike: huo ndio mwendokasi wa ng'ombe.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote, siku nyingine kuliko mimi, na hilo lilinichoma.

"Mwalimu, huyu anatembea hivyo kwa sababu ameshiba majani," alisema. "Ng'ombe wa wizi anakimbizwa. Unaangalia mavi. Akitembea yanakaa lundo, akikimbizwa yanamwagika njiani kama uji."

Nilicheka mpaka nikashika ubao. Nikamwita Profesa wa Mavi, darasa zima likaitikia, kisha nikamchapa fimbo nne za kunibishia. Jina lile lilimganda. Wenzake walimtupia kinyesi mapumzikoni wakimwomba akipime. Niliwaona, nikawaacha.

Kwao walikuwa na ng'ombe wanne tu. Baba yake alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo kwamba binti akifaulu, yule dume mwekundu atauzwa ili apate godoro, sanduku na sare za sekondari. Wasichana wengi wa pale hawakuwahi kuahidiwa hata kuku.

Alfajiri moja, kwenye saa kumi na mbili, nikasikia yowe. Wezi walikuwa wamevunja zizi la kina yule msichana saa nane usiku na kuelekea mpakani na ng'ombe wote wanne. Nje ya nyumba yangu nilikuta wanaume kama kumi wenye mikuki na pinde, na pikipiki mbili. Msichana alikuwa amechuchumaa barabarani, ameweka kiganja juu ya mavi.

"Tata," alimwambia baba yake, "yamemwagika mstari mzima, na yamepoa kabisa. Wanakimbizwa. Pandeni pikipiki sasa hivi muwahi mtoni."

Baba yake akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiyo umesoma. Unasemaje?"

Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Nilichukua kijiti nikaandika chini. Kutoka zizini hadi mto wa mpakani ni kilomita ishirini na mbili. Kwa kilomita nne kwa saa, ng'ombe wangefika huko saa moja na nusu asubuhi.

"Mna saa moja na nusu," nikasema. "Pikipiki haimalizi hata saa. Wasubirini wenzenu, mkienda wachache mtauawa bure."

Binti akafungua mdomo. Nikamkata: "Nyamaza, Profesa wa Mavi, wakubwa wanaongea."

Wanaume wakacheka. Baba yake naye alicheka, kidogo.

Walisubiri nusu saa. Walipofika mtoni nyayo zilikuwa zimeshaingia majini, na ng'ambo ya pili matope yaliyochimbwa na kwato yalikuwa bado yanachuruzika maji. Hawakurudi hata na mkia.

Baada ya wiki mbili dawati la mbele lilibaki wazi. Nilimkuta kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyakunguru, amekaa na mama yake katikati ya wanawake wanaogonga mawe ya dhahabu kwa nyundo. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa. Nilimwambia arudi shule, mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akaendelea kugonga.

Mama yake ndiye aliyenijibu. "Arudi, afaulu, halafu aende sekondari na nini? Ng'ombe wa kumpeleka si uliwapigia hesabu wewe?"

Nilikasirika. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilimkasirikia yule mama, sikujikasirikia mimi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikisema peke yangu kwamba watu hawa hawana shukrani.

Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alinipa daftari la mahudhurio nijaze sababu ya kila mwanafunzi aliyeacha shule. Mbele ya jina lake kulikuwa na nafasi ya kutosha kueleza jambo zima. Niliandika neno moja: utoro.