Muganga wa Chungu cha Mchanga

Muganga wa kambi ya Mugunga hana friji. Insulini ya wagonjwa wa sukari huilaza ndani ya chungu chenye mchanga wenye maji ili isipate joto, na kila kichupa hukigusisha shavuni kwanza, kama anapima homa ya mtoto. Mdomo wake ni redio isiyoishiwa betri. Mama Kahindo, Mwadventista mpika mandazi aliyekimbia vita vya Rutshuru, aliikataa dawa hiyo akidhani imetoka kwa nguruwe, mnyama ambaye dini yake inamkataza, ingawa bila hiyo angekufa.

"Nguruwe gani, mama? Wenye akili walichukua levire, hamira kama ile ya mandazi yako, wakaifundisha kutengeneza insulini sawa na ile ya mwili wa mutu!"

Mama Kahindo akacheka, akakubali. Kesho yake muganga alikuta kichupa alichomwachia kimefunikwa blanketi kando ya makaa.

"Levire inapenda joto, papa. Nangojea ivimbe, tupate mingi."

Muganga akakigusisha shavuni. Kilikuwa na joto.

"Levire ilibaki kiwandani, mama. Humu hakuna hata punje, na joto limeua dawa. Nilisema mingi, nikaacha hilo."

Akamletea kingine, akaketi chini.

"Sasa weye unieleze namna utaitunza."

Mama Kahindo akaeleza mpaka jua likahama, na muganga hakumkatiza hata mara moja.